Huu Siusikii, Ule Unaniumiza Masikio: Kutatua Sauti Zisizolingana Kwenye Maktaba ya Muziki

Lalamiko huja karibu kwa maneno hayo hayo kila mara. Mtu ana nyimbo elfu tatu alizokusanya kwa miaka mingi: nyingine alizitoa kwenye CD, nyingine alinunua mtandaoni, nyingine alirekodi mwenyewe kutoka kanda. Akizichanganya na kuziacha zipige, mkono haubanduki kwenye kitufe cha sauti. CD nyingi za miaka ya 1980 zilitengenezwa kwa sauti ya chini kiasi. Kuanzia miaka ya 1990 watayarishaji wakashindana nani atasikika zaidi, hata nyimbo nyingi za miaka ya 2000 zikabanwa hadi darini, yaani kikomo cha juu cha sauti ambacho faili linaweza kubeba. Ukiweka wimbo wa enzi ile karibu na wa enzi hii, tofauti ya desibeli 10 ni jambo la kawaida, na kwa masikio yetu desibeli 10 ni kama sauti imeongezeka maradufu.

Nimesaidia watu wengi kusawazisha maktaba zao, na nimezoea kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni mikono mingapi inayogusa sauti hii? Sehemu kubwa ya hitilafu zilizo hapa chini zina asili moja kati ya mbili. Ama hakuna mkono hata mmoja unaofanya kazi uliyodhani inafanyika, ama kuna miwili au mitatu inayofanya kazi ile ile bila kujuana.

Kwanza, fahamu umetumia njia gani

Njia ya kwanza ni ya lebo. Programu hupitia wimbo mzima, hupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, kisha huandika namba kwenye lebo ya faili, pale pale panapokaa jina la mwimbaji na la albamu. Muziki wenyewe hauguswi. Unapoucheza wimbo, kicheza muziki husoma namba hiyo na kupandisha au kushusha sauti. Mfumo uliozoeleka zaidi ni ReplayGain, uliopendekezwa na David Robinson mwaka 2001. Toleo lake la pili hupima kwa ITU-R BS.1770, kanuni ya kimataifa ya kupima ukubwa wa sauti, na kulenga −18 LUFS. LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo wimbo unavyopiga kwa nguvu. Kwa hiyo wimbo wa kisasa uliopimwa −8.6 LUFS utaandikiwa −9.4 dB (desibeli), yaani ushushwe, na wimbo wa zamani wenye −20 LUFS utaandikiwa +2 dB.

Njia ya pili hubadilisha faili lenyewe. MP3Gain, kwa mfano, hugusa namba ya ukubwa wa sauti iliyomo katika kila kipande cha MP3, kwa hatua za desibeli 1.5, bila kuusimba muziki upya, yaani bila kuubana tena kuwa faili jipya. Programu za kuhariri sauti hufanya zaidi ya hapo: hufungua faili, hubadilisha mawimbi yake, kisha huhifadhi upya. Kwa MP3 au AAC, aina za faili zinazobana muziki kwa kupunguza ubora, hilo maana yake ni kusimba mara ya pili, na kila unaposimba upya ubora hupungua na haurudi.

Msimamo wangu ni kutumia lebo kwenye maktaba kuu, na kubadilisha faili kwenye nakala tu. Tengeneza nakala rudufu kabla ya kuanza, hata kama unaandika lebo peke yake. Kisha chagua nyimbo tatu za majaribio: mmoja wa sauti ndogo, mmoja wa wastani, mmoja unaopiga kelele. Kila unapobadilisha kitu, sikiliza hizo tatu. Bila hivyo utakuwa unakisia.

Dalili: nimepima nyimbo zote, lakini bado hazilingani

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na kwa kawaida hakuna kilichoharibika.

Sababu ya kwanza ni kwamba kicheza muziki hakijaambiwa kitumie vipimo. Kupima ni kazi moja, kutii kipimo ni kazi nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sehemu ya ReplayGain, na uangalie kama imezimwa au imewekwa kwa wimbo au kwa albamu. VLC ya kompyuta inayo sehemu hiyo kwenye mipangilio ya sauti, na foobar2000 inayo upande wa uchezaji. Iwashe, kisha sikiliza zile nyimbo tatu.

Sababu ya pili: kicheza muziki chako hakiijui kabisa ReplayGain. Programu za Apple zina utaratibu wao unaoitwa Sound Check, wenye lebo yake tofauti, nazo hazisomi namba za ReplayGain hata ukizijaza kwenye kila faili. Vicheza muziki vingi vinavyokuja na simu navyo hupita juu ya lebo hizo kana kwamba hazipo. Ukipitia mipangilio yote usione neno ReplayGain, badilisha programu. Kuendelea kupima upya hakutasaidia.

Sababu ya tatu ni maktaba iliyokariri habari za zamani. Programu nyingi husoma lebo mara moja, zikazihifadhi, zisizirudie tena. Iambie isome maktaba upya, au ondoa folda kwenye orodha na uirudishe.

Sababu ya nne: lebo hazikuandikwa. Fungua sifa za wimbo mmoja unaosumbua na utafute namba ya ReplayGain. Isipokuwepo, chunguza kama faili linaruhusu kusomwa tu, kama programu ina ruhusa ya kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu, au kama kicheza muziki kilikuwa kimelishikilia faili hilo wakati wa kupima. Faili zilizorukwa huwa chache katikati ya elfu, kwa hiyo soma ripoti ya mwisho ya programu kabla ya kuifunga.

Kuna sababu ya tano inayowapotosha hata watu wenye uzoefu. Walitumia programu inayosawazisha vilele. Kilele ni ncha ya juu kabisa ya wimbi, sehemu ndogo sana ya sekunde, nacho hakisemi lolote kuhusu ukubwa wa sauti unaousikia. Wimbo wa gitaa moja wenye pigo moja kali la kidole unaweza kuwa na kilele sawa na wimbo wa ngoma nzito unaotikisa chumba. Ukilinganisha vilele vyao, gitaa litabaki dogo na ngoma itabaki kubwa. Tafuta programu inayotaja LUFS, ReplayGain au EBU R128 (kanuni ya Ulaya ya ukubwa wa sauti). Ikitaja vilele peke yake, iache.

Mwisho, kama maktaba yako ina mchanganyiko wa Opus na aina nyingine za faili, sikiliza kama Opus ndizo zilizo chini au juu. Opus ina lebo zake za R128 zinazolenga −23 LUFS, tofauti ya desibeli 5 na −18 ya ReplayGain. Kicheza muziki kinachojua mambo haya hufidia tofauti hiyo. Kisichojua huziacha nyimbo zako za Opus chini ya nyimbo nyingine kwa kiasi hicho hicho, desibeli 5, na ukubwa huo unausikia wazi.

Dalili: sauti inapasuka au kukwaruza kwenye nyimbo zilizokuwa safi

Sauti ya dijitali ina dari. Wimbi likitaka kupita juu yake hukatwa kichwa, na mkato huo ndio mkwaruzo unaousikia. Hapa usianze na faili, anza na vitu vilivyo baada ya faili.

Zima ikwalaiza, yaani kirekebishi cha besi na masafa mengine. Nasema hivi kabla ya lolote kwa sababu ndiyo mkosaji wa mara kwa mara: mtu amepandisha besi kwa desibeli 6 miaka miwili iliyopita na amesahau. Wimbo uliojaa hadi darini ukiongezewa 6 lazima upasuke. Kama unaipenda besi yako, ipate kwa kushusha masafa mengine badala ya kuipandisha yenyewe. Zima pia viboreshaji vya sauti vya simu au kompyuta, maana navyo huongeza bila kukuuliza.

Kisha angalia nyongeza ya awali, ambayo wengi huiita priampu: desibeli zinazoongezwa kwa kila wimbo juu ya kipimo chake. Watu huipandisha hadi +6 kwa sababu muziki ulionekana mdogo baada ya kupimwa. Irudishe kwenye sifuri.

Baada ya hapo, wimbo wenyewe. Wimbo wa taratibu wenye vilele virefu unaweza kupewa +5 dB wakati kilele chake kimebakiwa na desibeli 2 tu kufika darini. Karibu kila programu ya ReplayGain ina chaguo la kuzuia sauti isipite kilele kilichopimwa, liwashe. Wimbo huo utabaki mdogo kidogo kuliko mwenzake, na ni afadhali hivyo.

Kama bado unapasuka, shuku mikono miwili. Kisa ninachokutana nacho ni hiki: nyimbo zilipimwa kwa ReplayGain, miezi baadaye zikapitishwa MP3Gain, na lebo za zamani zikabaki mle mle. Sasa faili limebadilishwa, na kicheza muziki kinaongeza au kupunguza tena kwa namba ya kale. Nyimbo zilizopaswa kupanda hupanda mara mbili na kupasuka, zilizopaswa kushuka huzama. Futa lebo zote za ReplayGain, zile za ID3 na zile za APE (aina mbili za lebo za MP3) pamoja, kisha pima upya. Ukitaka kurudi nyuma kabisa, MP3Gain inaweza kutengua kazi yake, kwa kuwa huhifadhi kumbukumbu ya mabadiliko kwenye lebo ya APE. Basi tengua kwanza, ndipo ufute. Anayeanza kufuta hutupa kumbukumbu hiyo, na njia ya kurudi inafungika.

Na ikiwa umezima kila kitu, sauti umeipunguza, na mkwaruzo upo pale pale kwenye wimbo ule ule? Huenda ulizaliwa hivyo. Nyimbo nyingi zilikatwa vichwa studio, na kushusha sauti hakurudishi kilichokatwa. Tafuta toleo jingine la albamu hiyo.

Ukisikia mkwaruzo kwenye kila wimbo, hata kwa sauti ndogo, na ukihamia spika nyingine unapotea, basi tatizo ni la spika au amplifaya. Acha kupandisha sauti. Usiifungue amplifaya mwenyewe: ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa waya. Mpelekee fundi.

Dalili: muziki wote umekuwa mdogo

Mara nyingi hili si kosa. Nyimbo zilizokuwa zikipiga kwa −8 zimeshushwa hadi −18, na umepata nafasi ya zile ndogo kupanda bila kupasuka. Pandisha sauti ya kifaa. Huduma kama Spotify hulenga −14 LUFS kwa kawaida, ndiyo maana ukitoka huko kuja kwenye maktaba yako unahisi umeshuka ngazi.

Kama kifaa kimefika mwisho na bado hakitoshi, ongeza priampu kwa desibeli 3 au 4, huku kinga ya vilele ikiwa imewashwa. Halafu angalia kikomo cha sauti cha simu, na kama unatumia Bluetooth, angalia sauti upande wa spika na upande wa simu, kwani vifaa vingine vina vipimo viwili visivyofuatana.

Kuna kinyume chake pia: muziki wote ni wa wastani, ghafla wimbo mmoja unalipuka. Huo haukupimwa, kwa hiyo hakuna aliyeushusha. Baadhi ya programu, foobar2000 ikiwemo, zina priampu ya pili kwa faili zisizo na kipimo. Iweke karibu na −8 dB na hutashtuliwa tena na wimbo mpya uliosahau kuupima.

Dalili: albamu imepoteza mwendo wake

Albamu iliyopangwa vizuri hupanda na kushuka. Kuna wimbo wa kufungua kwa upole, kuna kilele katikati, kuna kipande cha sekunde 40 cha piano kinachokupumzisha. Ukitumia kipimo cha wimbo, kila kimoja kinavutwa kwenye usawa ule ule, na hicho kipande cha piano kinakujia na nguvu za bendi nzima. Inaniuma kila ninaposikia, kwa sababu msanii alikesha akipanga hayo.

Dawa ni kipimo cha albamu, kinachoshusha au kupandisha nyimbo zote za albamu kwa namba moja. Programu nzuri huandika vipimo vyote viwili kwa wakati mmoja, nawe unachagua wakati wa kusikiliza: wimbo kwa mchanganyiko, albamu kwa albamu nzima. Zipo programu zenye chaguo la kujiamulia kufuatana na unachocheza.

Kama umechagua albamu na bado haifanyi kazi, tazama namba zenyewe. Nyimbo za albamu moja zinapaswa kuwa na kipimo cha albamu kinachofanana. Zikitofautiana, zilipimwa kila mmoja peke yake. Kinyume chake ni folda ya nyimbo zilizookotwa huku na huku iliyopimwa kana kwamba ni albamu moja. Hapo zote zimepewa namba moja na hakuna kilichosawazishwa. Programu kama rsgain, katika mtindo wake rahisi, huichukulia kila folda kuwa albamu, kwa hiyo panga folda kwanza ndipo upime.

Dalili: sauti inapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja

Mwimbaji akinyamaza, kelele za nyuma zinavimba. Ngoma ikiingia, kila kitu kinarudi nyuma kana kwamba mtu amefunga mlango. ReplayGain haiwezi kufanya hivi, kwa kuwa hutoa namba moja kwa wimbo mzima. Kuna kibanio cha sauti, kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kinachofanya kazi mahali fulani.

Anza na kicheza muziki: kisawazishi cha sauti cha VLC, kwa mfano, si sawa na ReplayGain ingawa vyote viko karibu kwenye mipangilio. Kizime. Kisha zima hali ya usiku ya televisheni au spika ndefu ya televisheni, halafu kisawazishi cha sauti cha mfumo wa kompyuta. Simu nazo huwa na viboreshaji vyenye majina ya kuvutia. Vizime kimoja kimoja.

Kama dalili imebaki kwenye kila kifaa, imo ndani ya faili. Swali linalofuata ni kama uliwahi kutumia loudnorm, kichujio cha kusawazisha sauti cha FFmpeg (programu ya kubadilisha faili za sauti na video), kwa pasi moja, yaani kulipitia faili mara moja tu. Kichujio hicho kikipewa pasi moja hufanya kazi kwa kubadilika-badilika na muziki, hakijui mwisho wa wimbo utakuwaje. Alama nyingine ya kukitambua: faili la FLAC (aina isiyopoteza ubora) lililotoka likiwa na sampuli, yaani vipimo vya wimbi kwa sekunde, za 192 kHz ilhali uliingiza 44.1. Njia iliyo sawa ni pasi mbili, ya kwanza ya kupima na ya pili ya kurekebisha kwa namba zilizopatikana, na uiombe ifanye kwa mstari ulionyooka (linear), yaani wimbo mzima kwa namba moja. Faili zilizokwisha kubanwa hazifunguki tena. Rudi kwenye nakala rudufu.

Dalili: kwenye simu ziko sawa, kwenye gari haziko sawa

Redio nyingi za gari na spika zenye tundu la flashi hazisomi lebo za ReplayGain. Hakuna mipangilio ya kutafuta. Tengeneza nakala ya nyimbo unazozitaka garini, na kwenye nakala hiyo tu ubadilishe faili zenyewe: MP3Gain kwa MP3, kwa lengo lake la kawaida la 89 dB (kipimo chake chenyewe, si LUFS), au kigeuzi kinachoingiza ReplayGain ndani ya muziki wakati wa kubadilisha. Ukitumia kigeuzi, hakikisha lebo za zamani hazikunakiliwa kwenye faili jipya, la sivyo utaizalisha ile mikono miwili upya siku utakapozicheza kwenye kompyuta.

Usitegemee usawa kamili. Hatua za desibeli 1.5 zinaacha tofauti ndogo, lakini mngurumo wa gari utaifunika.

Dalili: wimbo mmoja una namba sahihi lakini unasikika hafifu

Usikilize kwa spika za masikioni, halafu kwa spika moja ya simu. Ukiwa mzima masikioni na kufifia kwenye spika moja, upande mmoja wa stirio umegeuzwa: wimbi la kushoto likipanda la kulia linashuka, na yakichanganywa yanafutana. Hutokea sana kwenye rekodi za kanda zilizopitia waya uliounganishwa kinyume. Ufungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tenganisha pande mbili, geuza mmoja, hifadhi kama FLAC au WAV, kisha pima upya. Ukisikika upande mmoja tu, jaribu waya mwingine kabla ya kulaumu faili.

Wakati wa kuacha mara moja

Kuandika lebo kwenye maelfu ya nyimbo huifanyisha diski kazi ngumu, na diski dhaifu huonyesha udhaifu wake hapo. Programu ikianza kukwama kwenye faili tofauti tofauti, au ukasikia diski inagonga tiki-tiki, simamisha kazi, zima, usiiwashe kujaribu tena. Kila jaribio linaweza kuiharibu zaidi. Kama muziki huo hauna nakala mahali pengine, mtafute mtaalamu wa kuokoa data.

Spika au amplifaya ikitoa harufu ya kuungua, moshi, au mngurumo mzito usiobadilika hata ukishusha sauti hadi sifuri, chomoa umeme na umwite fundi.

Na kuna dalili ambayo haimo kwenye faili wala kwenye kifaa. Mtu anapima, anarekebisha, anaongeza priampu, na bado nyimbo ni ndogo, huku watu walio naye chumbani wanasema zinatosha. Au ana mlio masikioni usiokoma baada ya kuvua spika za masikioni. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha watu wazima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikizidi hapo, saa zinapungua haraka. Mlio ukidumu, au sikio moja likisikia tofauti na jingine, weka maktaba kando na umwone daktari wa masikio wiki hiyo hiyo. Usikivu ukipungua ghafla, usingoje wiki, nenda siku hiyo.